NGUO ALIZOSHONA DORKASI

Neno la kutafakari: Matendo ya Mitume 9:36–42



Katika mji wa Yafa, ulioko pwani, palikuwa na mwanamke mwanafunzi, jina lake Tabitha, na kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi. Luka hatwambii kwamba alikuwa tajiri, wala kwamba alikuwa na cheo katika usharika, wala hatwambii habari za mume wake au watoto wake. Atwambia tu ya kuwa alizidi kutenda mema na kuwapa maskini. Kisha akaugua, akafa. Petro alipoitwa kutoka Lida na kupandishwa chumba cha juu, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha nguo ambazo marehemu aliwashonea siku za uhai wake. Yafikirika sana ya kuwa nyingine walikuwa wamezivaa mwilini mwao saa ile ile.

Basi tutazame jambo hili. Wajane wale hawakuleta kitabu wala fedha. Walileta mishono. Na Roho Mtakatifu hakuona haya kuiandika habari hiyo katika Maandiko, ili sisi nasi tuisome. Kwa hiyo leo tunene habari za sindano na uzi, za kujifunza kushona nguo nyumbani, kwa ajili yetu wenyewe na watu wa nyumba zetu. Asiseme mtu kwamba ni jambo dogo lisilostahili kunenwa mbele ya Mungu.

Kwanza, tukumbuke ya kuwa Mungu mwenyewe alikuwa wa kwanza kumvika mwanadamu vema. Katika sura ya tatu ya Mwanzo twaona mishono ya namna mbili. Adamu na Hawa walishona majani ya mtini ili wajifiche. Majani ni nguo ya siku moja. Jua likipanda yamekauka, na aibu iko pale pale. Kisha Mungu aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika, ingawa walikuwa wamemkosa. Mshono wa kwanza ulikuwa wa kuficha, na wa pili ulikuwa wa rehema. Kila ashikaye sindano hata leo yumo katika mmoja wa mishono hiyo miwili. Ama ashona ili ajionyeshe na kuficha umaskini wa moyo wake, ama ashona ili kumsitiri mtu aliyepewa na Mungu amtunze.

Martin Luther alipoandika Katekismo Ndogo mwaka 1529, katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani alitaja nguo na viatu miongoni mwa vipawa vya Mungu, hata kabla ya kutaja chakula na nyumba. Alizitaja tena katika maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana, hapo tuombapo mkate wa kila siku. Watoto wetu wa Kipaimara huyajua maneno hayo kwa moyo. Lakini je! Nguo hizo hushuka kutoka mbinguni zimekwisha shonwa? La, sivyo. Mungu hutupa kwa mikono ya watu: mkulima apandaye pamba Usukuma, mfumaji kiwandani, mwenye duka akataye jora, na yule akaaye kizingitini pa nyumba yake na sindano mkononi. Mkono wa mama atiaye kiraka katika suruali ya mwanawe ni mkono ambao kwa huo Mungu ajibu ombi la nne. Huo ndio wito wake, nao ni mtakatifu sawasawa na wito wa mwenye kusimama mimbarini.

Pili, tutazame nyumba zetu. Wako watoto wasiokwenda shule kwa kuwa sare imepasuka begani, na tundu lenyewe halipati upana wa vidole viwili. Wako wazee wasiofika kanisani Jumapili kwa sababu kanzu haina vifungo. Hukaa nyumbani, nasi twadhani wamepoa katika imani, kumbe wanaona haya tu. Wako wazazi wakopao fedha kwa ajili ya gauni jeupe la Kipaimara. Msichana avaa siku moja, na baba alipa miezi sita. Tena twanunua nguo za mitumba sokoni, na mshono mmoja ukifumuka twaitupa nguo nzima, kisha twanunua nyingine. Ndugu zangu, shida hizo zote si za umaskini tu. Nyingine zatokana na kutokujua kazi, na asiyejua aweza kujifunza.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Uchagani walitengeneza ngozi, wakazilainisha, wakazivaa. Buhaya walipiga gome la mti hata likawa nguo pana na laini, iitwayo mbugu. Kisha katika karne ya 19 ikaja merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja kwa merikebu za Wamarekani, ndipo kikapata jina hilo. Nacho kikasafiri na misafara hata bara, kikatumika kama fedha. Hatusemi turudi kuvaa magome. Wala hatusemi nguo ya kigeni ndiyo iliyomfanya mtu kuwa Mkristo. Wako waliodhani hivyo zamani, nao walikosea. Twasema hivi tu: si vizuri wajukuu wa watu waliojivika kwa mikono yao washindwe kurudisha kifungo.

Mtazameni Hana, mama yake Samweli (1 Sam. 2:19). Mtoto wake alikaa Shilo hekaluni, mbali na nyumbani, na mama alimwona wakati wa dhabihu ya mwaka tu. Lakini kila mwaka alimfanyia joho dogo, akampelekea. Wenye kushona wataelewa kazi ile jinsi ilivyokuwa. Mtoto hakuwako apimwe. Hana alipasika kukumbuka mabega yake ya mwaka jana, na kukisia kwa upendo amekua kiasi gani, na kuacha pindo. Kila mshono wake ulikuwa maombi. Na mwanamke yule wa Mithali 31, mikono yake yashika pia na kijiti cha kusokotea uzi, kisha mikono hiyo hiyo yamnyoshea maskini. Watu wa nyumbani mwake hawaiogopi baridi, maana amekwisha kuwavika. Na kinachobaki auza kwa mfanya biashara. Hapo mna utaratibu mzuri: kwanza nyumba, pamoja nayo maskini, tena na faida.

Labda baba mmoja asema, “Maneno haya ni ya akina mama.” La, baba. Kutoka 35 yatwambia ya kuwa Mungu aliwajaza Bezaleli na Oholiabu akili za kufanya kila kazi, na kazi ya taraza imetajwa humo. Mtume Paulo alikaa Korintho na Akila na Prisila, akifanya kazi pamoja nao, maana walikuwa mafundi wa kushona hema (Mdo. 18:3). Tena, nendeni sokoni katika miji yetu: mafundi wa cherehani wengi wakaao barazani ni wanaume. Basi si ajabu mwanamume ashonaye suruali ya watu barazani kwa fedha, kisha nyumbani akaona aibu kushika sindano bure? Wafundisheni wana wenu pamoja na binti zenu. Kijana aendaye kukaa bweni, akijua kupindia na kutia kiraka, atawashukuru.

Sasa, mtu aanzeje? Asianze na gauni. Mwenye kuanza na gauni huharibu kitambaa, akakata tamaa. Aanze na kifungo, kisha pindo, kisha kiraka, kisha foronya ya mto, ambayo mishono yake yote imenyoka. Baada ya hayo ashone sketi ya mtoto, iliyo kitambaa cha pembe nne tu, chenye mpira kiunoni. Akitaka kushona blauzi au shati, atwae lililochakaa linalomkaa vema, alifumue polepole, alaze vipande vyake juu ya gazeti na kuvichora. Hapo amepata kielelezo bila gharama. Aongeze sentimita 1 na nusu pande zote kwa ajili ya mshono, na kwa nguo ya mtoto aache pindo la sentimita 5 au zaidi, kama Hana, ili mwakani lishushwe. Apime mara mbili kabla ya kukata, maana mkasi hauna toba. Mwanzo na mwisho wa kila mshono arudishe sindano nyuma mara mbili tatu, usije ukafumuka. Na akikosea, afumue. Kufumua si aibu. Aibu ni kuvaa kosa na kujisifu.

Tena kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa maji ya kwanza hukipunguza. Bwana wetu mwenyewe aliijua habari hiyo. Katika Mathayo 9:16 asema hakuna mtu atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Sababu yake kila mshonaji aijua: kiraka kipya kikifuliwa hujikunyata, kikalivuta vazi lililochoka, na pale palipopasuka pakazidi. Bwana alikuwa akifundisha habari za Injili, ya kuwa haiwezi kuwa kiraka tu juu ya maisha ya kale. Lakini mfano aliutoa katika kikapu cha mshonaji. Yamkini aliuona mikononi mwa mama yake kule Nazareti.

Mwenye cherehani ajifunze vema na jambo hili. Mwaka 1846 Elias Howe, mtu wa Marekani, alipewa hati kwa mashine yake yenye sindano ambayo tundu lake li karibu na ncha, na nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazoshikana katikati ya kitambaa. Cherehani za nyumbani mpaka leo hufuata njia hiyo. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi, mshono hujikunja na kukatika. Ukilegea, nyuzi huzongamana chini. Hauwezi kushika mmoja pasipo mwenzake. Ndivyo zilivyo amri zile mbili kuu. Mwenye kudai kumpenda Mungu bila kumpenda jirani anashona kwa uzi mmoja. Ukivuta kidogo, wote watoka.

Lakini msiwadharau mafundi, wala msiwanyime riziki yao. Koti na suti na vazi la arusi wapelekeeni, mkawalipe kwa wakati. Wengi wao wana madeni ya watu wa kanisa yasiyolipwa tangu Krismasi. Afadhali mtu ajishonee kuliko kumshonesha mwenzake bure kwa hila.

Tatu, tujihadhari na hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kiburi. Ujuzi wa kushona waweza kugeuka kuwa mashindano ya mitindo, hata Jumapili ikawa siku ya kutazamana mishono. Yakobo katika sura ya pili awakemea waliompa mahali pazuri mwenye mavazi mazuri, na maskini wakamwambia asimame kule. Ukijua kushona, usimcheke yule ambaye pindo lake limepinda, mfundishe.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi: kudhani kwamba kwa mishono yetu twajipatia haki mbele za Mungu. Isaya 64:6 yasema matendo yetu ya haki ni kama nguo iliyotiwa unajisi. Tabitha hakufufuliwa kuwa ujira wa kanzu. Luka alimwita mwanafunzi kwanza, ndipo alipotaja matendo yake. Alishona kwa sababu alikuwa amekwisha kuvikwa. Na sisi tulivikwa wapi? Tazameni msalaba. Yohana 19 yatwambia ya kuwa Bwana Yesu alikuwa na kanzu isiyo na mshono, iliyofumwa yote pia tangu juu. Askari wakaipigia kura. Yeye aliyewavika Adamu na Hawa alivuliwa nguo mbele ya watu, akafa uchi, aichukue aibu ambayo majani ya mtini hayakuweza kuifunika. Na kila mmoja wetu aliyebatizwa amemvaa Kristo (Gal. 3:27). Vazi hilo hatukulishona sisi, wala hatuwezi kuliongezea hata uzi mmoja. Ndiyo maana mikono yetu sasa i huru kumshonea jirani.

Basi, ninyi walimu wa mitaa na wazee wa sharika, fanyeni neno hili. Wekeni alasiri moja kila mwezi katika jengo la kanisa. Kila ajuaye kushona afundishe wawili wasiojua. Kiwepo kikapu cha vifungo vilivyotolewa katika nguo zilizochakaa, na nyuzi, na mkasi mmoja mkali. Ikiwa yuko mwenye cherehani iliyokaa kimya chini ya kitambaa, aitoe itengenezwe. Kwanza shoneni nguo za watu wa nyumba zenu. Kisha ulizeni: ni mjane gani wa usharika huu asiyekuja kanisani kwa kukosa nguo? Ni mtoto gani atakayeletwa kubatizwa mwezi ujao, na mama yake hana cha kumvika? Mwendeeni kwa siri, mpimeni kwa heshima, msimtangaze.

Siku itakuja ambapo na sisi tutalazwa chumbani, na majirani watakuja kulia. Ni heri ikiwa hapo mlangoni atasimama mtoto mmoja, naye amevaa shati tulilomshonea, vifungo vyake vyote vikiwa mahali pake. Na Bwana aliyemwita Tabitha kwa kinywa cha Petro atatuita na sisi kwa majina yetu, atuvike kutokuharibika. Amina.