Khutba ya Ijumaa: Visa vya Ndugu Zetu Wenye Ulemavu wa Akili

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake. Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu pamoja nanyi kumcha Allah.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas kisa cha mwanamke aliyekuwa na upungufu wa akili. Alimjia Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume akamwita kwa jina la heshima, mama fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ya mji, kisha akasimama naye hapo njiani mpaka haja yake ikaisha. Haja yenyewe hatukusimuliwa. Ilikuwa siri ya yule mama, na Anas hakuichimba.

Sisi wa Didia tunasimulia nini? Akifariki mzee, matanga yanakesha: ng'ombe wake, pamba yake, miaka aliyohangaika machimboni Geita. Akifariki kijana mwenye ulemavu wa akili, tunasema "amepumzika", tena wapo wanaoongeza kuwa mama yake naye amepumzika. Turubai linakunjwa. Kumbe kijana huyo kila msimu ndiye aliyeamia ndege kwenye majaruba ya mpunga, na mbuzi wa jirani aliwajua mmoja mmoja!

Basi tusimulie habari za ndugu hawa wangali hai, nao wakiwepo. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo watoto walisikia habari za watu wao. Baada ya Isha, mwenye ndugu kama huyu aje naye, aanze yeye mwenyewe kusema, hata akikawia. Tumngoje. Asiyesema kwa maneno, mama yake aeleze anachokipenda, anachokifanya na kinachomchekesha. Majina kama zezeta na taahira yabaki nje ya mlango. Surat al-Hujurat, aya ya 11, imekwisha kuyakataza.

Na hizi picha za kwenye simu, ambazo mtoto anapigwa akidondokwa mate ili watu wachange, mimi siziiti sadaka. Picha za heshima zipo: mwaka 2019 Abu Dhabi ilipokea wanamichezo zaidi ya 7,000 wenye ulemavu wa akili kutoka duniani kote, wakapigwa picha wakikimbia na kuogelea.

Walimu wa madrasa, orodha ya wasimulizi wa Ijumaa ijayo ianzie kwenu. Ewe Mola, warehemu wazazi wanaolea bila msaada, na utusamehe tuliowapita njiani bila salamu. Amin.

Aqimis-sala.