Mboni ya Jicho

Mboni ni tundu jeusi katikati ya jicho, mlango wa mwanga. Juani husinyaa hadi upana wa milimita 2 hivi. Gizani, kwa kijana, hufika hata 8. Tundu hilo dogo ndilo Waswahili hulifananisha na kile wasichokubali kukipoteza. Picha hiyo ni ya kale: imo katika Kumbukumbu la Torati, Zaburi na Zekaria, na katika Mithali kinacholindwa namna hiyo ni mafundisho, wala si mtu.

Kipenzi huitwa pia lulu, johari au tunu, lakini majina hayo hayalingani. Lulu hutazamwa. Ina bei, huuzwa, hurithiwa, na ikipotea hununuliwa nyingine. Mboni, mwenyewe haioni ila kwenye kioo. Yeye huona kwayo. Mama anayemwita mwanawe mboni ya jicho lake hajamsifu uzuri. Amekiri kwamba shamba, nyumba na hata mwaka ujao anaviona kupitia kwa mtoto huyo, na akiondoka, giza litaingia kwenye kila kitu.

Nahau hii hupenda kuandamana na vitenzi kulinda na kutunza, kwa hiyo imebeba hofu sawa na inavyobeba mapenzi. Chembe ya mchanga ambayo kisigino hakiihisi humfumbisha mtu jicho papo hapo. Kope hazingoji shauri.

Hapo ndipo penye utata nahau inapopanda jukwaani. Nchini Tanzania, amani na Muungano wa mwaka 1964 huhimizwa kulindwa kama mboni ya jicho, na wasia huo una uzito wake. Ila jambo likishapewa jina hilo, anayeuliza swali huweza kuonekana kama anayenyoosha kidole kulitoboa. Jicho lenyewe halithibitishi woga huo. Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda kwenye lenzi nyuma ya mboni, hauondoki kwa kufumba. Daktari hutia dawa ya kuitanua mboni, kisha hupitisha vifaa vyake humo humo. Kope, walinzi waaminifu wa siku zote, hushikwa wazi kwa kifaa maalumu mpaka kazi iishe.