Kunyamaza si Kusamehe

Tujiulize swali moja: jirani akikata miti yetu, je, tudai haki yetu au tunyamaze kwa ajili ya amani?

Kule delta ya Rufiji mikoko ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na aikataye bila kibali hujibu kwa Serikali. Lakini huku Kibiti mkorosho una mwenyewe. Huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, nao huweza kumzika aliyeupanda. Aukataye hakati kuni tu, bali hukata na daftari za wajukuu.

Sisi wenyewe yalitupata. Tuliporudi safari tulikuta mikorosho 3 ya mpakani imelala chini, tayari kwa tanuri la mkaa. Jirani akasema ni yake. Tukanyamaza, tukijisifu kwamba tumesamehe. Kumbe sivyo. Kwa miaka 2 salamu yetu ilikuwa ya mdomoni tu, na alipofiwa tulikwenda matangani tukakaa mbali naye.

Hatimaye tulimwendea, sisi na yeye peke yetu, kama Mathayo sura ya 18 inavyotuelekeza. Hatukuelewana. Ndipo tukaenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wajumbe wake ni 7, wakiwamo wanawake wasiopungua 3, na kazi yao ni kusuluhisha, si kuhukumu. Wakishindwa, shauri huenda Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai pia, lakini huyu aliamini miti ni yake, hivyo hatukwenda polisi.

Wajumbe walitembea mpakani. Bibi mmoja akaukumbuka mstari wa minyaa ya zamani. Ikaonekana mikorosho 2 ilikuwa yetu, na mmoja ulikuwa wake. Miaka 2 tulimwita mwizi moyoni kwa mti wake mwenyewe! Tukamwomba radhi. Naye akaanza kulipa ile 2, na alipofika nusu tukamwachia iliyobaki, safari hii kweli.

Basi, kudai haki mbele ya baraza si uadui. Adaiye hukubali mwenzake naye asikilizwe. Anyamazaye na kinyongo amekwisha kuhukumu bila kusikiliza shauri. Kusamehe ni kwema, lakini kwanza tulijue deni, ndipo tulisamehe.