Turbo Haiamki Bila Mzigo

Vijana wengi wanaoniletea Subaru za turbo hapa Iringa huja na jibu mkononi: wanataka difu ya nguvu. Wamesikia kwamba gari lenye 4.44 linachomoka kuliko lenye 4.11, na hapo hawajakosea. Krauni ya meno 40 ikizungushwa na pinioni ya meno 9 inakupa 4.44, meno 37 kwa 9 yanakupa 4.11. Meno matatu tu, lakini katika gia ileile unapata kama asilimia 8 zaidi ya msukumo kwenye magurudumu. Nguvu ya injini yenyewe haiongezeki hata chembe. Unachopata kwa msukumo unakilipa kwa mwendo.

Kwa gari lisilo na turbo ningewafungia bila maneno mengi. Turbo ina tabia yake. Ili kijana anielewe, humwambia akae kwenye usukani, aache gia huru, akanyage mafuta mpaka mshale ufike 5,000. Injini inapiga kelele, majirani wanachungulia, na geji ya presha haionyeshi cha maana. Kisha tunatoka barabarani, gia ya tatu, mizunguko 3,000 tu kwa dakika, mguu mpaka chini. Geji inapanda, na mgongo wake unabanwa kwenye kiti. Mizunguko ni michache kuliko ile ya gereji, lakini turbo imeamka, kwa sababu sasa injini ina kitu cha kuvuta. Turbo huzungushwa na gesi za eksozi, na gesi nyingi zenye moto hutoka pale injini inapochoma mafuta mengi. Bila mzigo, haichomi. Difu ya nguvu inaipunguzia injini mzigo na kuimaliza gia upesi. Turbo haijakolea, wewe umeshakanyaga klachi. Ndiyo maana kwenye turbo mimi hupenda difu ya mbio, yaani 4.11, na kwa mtu wa safari ndefu hata 3.90.

Mchungaji wetu, ambaye gari lake naliangalia mimi, aliposikia maelezo haya aliona ameokota dhahabu.

“Mzee, umenipa mahubiri ya Jumapili,” akasema. “Mungu anatufungia difu ya mbio ili tuamke.”

“Mchungaji, tukapande kwanza Kitonga,” nikamjibu.

Anayeijua barabara ya kwenda Zambia anaijua Kitonga. Uko kwenye kona, mbele yako kuna lori linalotambaa kilomita 20 kwa saa, kulipita huwezi. Katika gia ya pili, kwa 4.11 na tairi za kawaida za inchi 16, injini yako iko kwenye mizunguko kama 1,350. Turbo imelala. Ukikanyaga mafuta hapo, gari linatikisika, injini inagonga, kasi haiji. Mzigo ulioiamsha turbo kule kwenye 3,000 ndio huohuo unaotaka kuizima injini hapa. Dereva mwenye akili haongezi mguu. Anashusha gia, anaipa injini nafuu, mshale unapanda hadi karibu 2,400, ndipo anaweza kuidai kitu.

Nilimweleza mchungaji hivyo kwa sababu mimi pia ni mzee wa kanisa, na kwenye misiba nimechoka kusikia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mama amezika mtoto, na kabla hajatoka makaburini mtu ameshamwambia hivyo. Wanadhani wanamnukuu Paulo. Lakini katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anazungumzia majaribu yanayomvuta mtu atende dhambi, na anaahidi mlango wa kutokea. Katika waraka wa pili, kwa Wakorintho walewale, sura ya kwanza tu, anaeleza kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Sijawahi kusikia sura hiyo ikisomwa msibani.

Sisemi kwamba shida haimkomazi mtu. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliamini kwamba mwanadamu aliumbwa akiwa bado hajakamilika, akawekwa duniani akue. Mwaka 1966 mwanateolojia Mwingereza John Hick aliijenga upya hoja hiyo katika kitabu kizima kuhusu uovu na upendo wa Mungu. Ni hoja inayomwingia fundi haraka, maana tumezoea vitu vinavyokamilikia kazini. Nampendea Hick jambo moja: alikiri kwamba yako mateso yasiyomjenga yeyote, yanayovunja tu, na tumaini la hao waliovunjika akaliweka ng'ambo ya kifo. Hakuwaambia kwamba mzigo wao ulikuwa mdogo.

Na kuna jambo ambalo mchungaji hakuwa amelifikiria. Injini haichagui difu. Nachagua mimi, baada ya kumuuliza mwenye gari anapita njia gani na anabeba nini. Nikimfungia 3.90 mtu anayeshinda milimani na mizigo, klachi ikaungua, hawezi kuilaumu klachi. Anakuja gereji, anasimama mbele yangu, anadai maelezo, na ana haki. Kwa hiyo ukimfanya Mungu kuwa fundi wa difu, umempa aliyelemewa ruhusa ya kwenda kumuuliza, tena kwa sauti.

Mchungaji alinyamaza kidogo, akasema kwamba hiyo ni kufuru.

Nikamwambia Ayubu aliuliza hivyohivyo, kwa ukali kuliko wateja wangu wote, wakati marafiki zake watatu wakimtetea Mungu kwa hoja zilizonyooka. Na mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia hao watatu.