Kalamu Imeondolewa kwa Nani?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri hapa Kanyenye, baba mmoja alinijia akiwa na mwanawe wa miaka saba. Mtoto huyo husema maneno machache tu, na amechelewa katika kila jambo: kutembea, kula mwenyewe, hata kuvaa. Shule aliyopelekwa iliwaambia wazazi wamrudishe nyumbani mpaka akili ikomae. Baba akaniuliza kama mtu ambaye jibu tayari analo: "Maalim, si mtoto wa namna hii kalamu imeondolewa kwake? Basi nihangaike na ofisi za watu kwa ajili ya nini? Huyu ni wa peponi tu."

Nimeona nimjibu hapa, maana swali hili si la baba mmoja. Nimelisikia Tanga, nimelisikia Mombasa, na mimi mwenyewe niliwahi kulisema.

Ni kweli sharia yetu haimwandikii dhambi mtoto mpaka abaleghe, wala aliyelala mpaka aamke, wala aliyepungukiwa na akili mpaka akili imrudie. Lakini tazameni hao watatu waliotajwa pamoja. Yule wa kwanza ni mtoto yeyote, wako na wangu. Je, nani katika sisi amepata kusema kwamba kwa kuwa mwanawe hajabaleghe basi asifundishwe? Bali tumeamrishwa tumfundishe sala tangu miaka saba, naye bado hana dhambi ya kuiacha. Kusamehewa hesabu ni jambo moja, na kunyimwa mafunzo ni jambo jingine. Kalamu iliyoondolewa ni ya mtoto. Ya baba, ya mwalimu na ya jirani iko palepale, inaandika.

Wala sharia haikumwacha mtu huyu hivi hivi. Imemwekea walii, na walii huyo ataulizwa juu ya mali yake mpaka senti ya mwisho. Basi ikiwa mbuzi wake amewekewa mlinzi, itakuwaje akili yake, hata iwe ndogo kiasi gani, iachwe bila wa kuiangalia?

Na kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum mnakijua. Kimeteremshiwa Surat Abasa. Sisi hukisoma kama kisa cha huruma kwa kipofu. Lakini yule bwana hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba afundishwe, na kwa ajili ya ombi hilo Mwenyezi Mungu akamrekebisha kipenzi chake Mtume (S.A.W.). Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal, na Mtume akitoka safarini alimwacha mara kadhaa ashike nafasi yake mjini.

Sisi ni hodari wa sadaka. Ijumaa mlangoni mwa msikiti hatumpiti kiwete bila kumpa. Lakini kiwete huyo alipokuwa mtoto, nani alimtafutia dawati? Sadaka humpa mtu cha leo. Nafasi ya shule ni haki yake, na haki haiombwi kwa kuinamisha kichwa. Sheria ya nchi yetu ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imempa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake, na ada katika shule za msingi za serikali imefutwa. Najua ada si kila kitu: iko nauli, iko siku ya mama kukosa kwenda sokoni. Lakini mzazi anayekwenda ofisini kumuulizia mwanawe aende kama mwenye dai, si kama mwombaji.

Hapa Tabora tuna jambo la kutuonea haya. Shule ya kwanza ya watoto viziwi katika Tanzania ilifunguliwa katika mji huu huu wetu mwaka 1963, na walioifungua ni Kanisa Katoliki. Wako Waislamu waliowafungia watoto wao ndani kuliko kuwapeleka huko, wakihofia dini yao. Hofu hiyo siidharau. Lakini mateka wa Badri waliokuwa washirikina waliwafundisha watoto wa Madina kusoma, na hiyo ikawa fidia yao. Mwenye kuhofia dini ya mwanawe na amfundishe dini jioni, kisha aulize pia mbona sisi wenyewe hatukujenga.

Sasa nitaje langu. Mwaka 1991 nilikuwa na mwanafunzi chuoni, mtoto mpole, akikaa nyuma karibu na mlango. Wenzake walipokwisha juzuu, yeye alikuwa bado anababaika katika sura fupi. Nikimwita haitiki. Nikaona ni kiburi, nikamchapa, na si mara moja. Mwaka wa pili shangazi yake akaja kwangu akaniambia kwa adabu, "Maalim, mtoto hasikii. Tumempeleka Kitete, wamempima." Sikuwa na neno. Nilikuwa nimemwadhibu kwa sikio ambalo si yeye aliyeliumba. Nikamhamishia mbele, ubavuni pangu, nikawa namsomea akitazama midomo yangu. Alihitimu msahafu, lakini alichelewa miaka miwili, na miaka hiyo iko juu yangu.

Mtume (S.A.W.) alipomfanya Uthman bin Abil-As imamu wa watu wake, alimwagiza aongoze kwa kumwangalia aliye dhaifu kuliko wote. Katika njia hii yetu ya zamani, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, misafara ya watumwa haikwenda hivyo; asiyeweza kutembea aliachwa, au akauawa. Miembe ya njia ile bado ipo, na sisi tunakula embe zake. Mwalimu anayesema somo halimngojei mtu ajiulize anaongoza sala au anaongoza msafara.

Yule baba nilimwambia haya kwa maneno machache kuliko niliyoandika. Kisha nikamuuliza kama mtoto amewahi kupimwa masikio na macho. Hakuwahi. Tukaanza na hilo. Halafu tukaenda pamoja kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika manispaa, tukaandikisha jina lake, na tumepewa siku ya kurudi, ambayo ni Jumatatu. Mtoto nimemchukua chuoni kwa saa moja kila asubuhi. Wiki ya tatu sasa, na amejua alif. Jana aliichora mchangani kwa kidole, kisha akanivuta kanzu nikaione.