Jaribio na Majaribu

Katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London kuna picha iliyochorwa mwaka 1768 na Joseph Wright wa Derby. Ni usiku, na watu wameizunguka meza. Juu ya meza pana tufe la kioo, na ndani ya tufe mna ndege mweupe, wa jamii ya kasuku, ambaye pumzi inamwishia kwa sababu pampu inaifyonza hewa. Msichana mmoja ameufunika uso kwa kiganja. Mwenzake mdogo anatazama juu kwa huzuni. Mzee ameinamisha kichwa, amezama katika fikra. Vijana wawili wapendanao hawana habari na ndege. Wanatazamana wao kwa wao. Na bwana anayeliendesha jaribio, mwenye nywele ndefu zilizomwangukia mabegani, ameuweka mkono wake juu ya kilango cha hewa. Akikifungua, ndege ataishi. Asipokifungua, ndege atakufa. Macho yake hayamwelekei ndege wala waliohudhuria. Yanamtazama yule aliyesimama mbele ya picha.

Mtazamaji huyo, hata hivyo, ana salama yake. Ndege wa Wright ni rangi juu ya kitambaa. Mchoraji alisimama kando ya jaribio, akalionyesha, na akawaachia wengine lawama au sifa zake. Hivyo ndivyo sanaa ilivyoihusu sayansi kwa karne nyingi: iliitazama, ikaichora, ikaistaajabia. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya ishirini mambo yamebadilika. Wametokea wasanii walioweka brashi chini na kukishika kilango chenyewe. Wameingia maabarani, seli, jeni na wanyama walio hai ndiyo rangi yao na ndiyo udongo wao wa kufinyangia. Kwa hiyo swali lililokuwa la mwanasayansi limekuwa la msanii pia: kiumbe aliyeletwa duniani, au aliyewekwa hatarini, ili atazamwe tu, anamdai nini aliyemweka hapo? Na je, hamdai chochote anayekuja kutazama?

Kiswahili kimeliweka swali hili katika neno moja. Kutokana na kitenzi kujaribu hupatikana jaribio, ambalo ni kazi ya mtu wa maabara. Na hupatikana vilevile majaribu, ambayo ni mitihani impatayo mwanadamu ili ijulikane ana moyo wa namna gani. Katika jaribio yuko ajaribuye na kiko kijaribiwacho. Katika majaribu mwanadamu mwenyewe ndiye ajaribiwaye. Visa vitatu vya wakati huu vinaonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyoweza kukutana katika kazi moja ya sanaa.

Mwaka 2000 Eduardo Kac, msanii Mbrazili akaaye Chicago, aliutangazia ulimwengu habari za sungura aitwaye Alba. Kwa macho ya kawaida Alba alikuwa sungura mweupe kama wengine. Akimulikwa kwa mwanga maalumu wa buluu alitoa mng'ao wa kijani, kwa kuwa ndani ya seli zake mlikuwa na jeni iliyotokana na konyeza, yule mnyama wa baharini aliye laini kama ute. Protini ing'aayo ya konyeza ilitengwa na Osamu Shimomura mwaka 1962. Na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa maana mng'ao huo umewawezesha wataalamu kufuatilia yanayotendeka ndani ya seli iliyo hai. Kwa mwanasayansi nuru hiyo ni taa ya kuonea. Kac aliitaka nuru yenyewe ionwe.

Lakini Kac hakudai kwamba kazi yake ni mng'ao. Alisema ina sehemu tatu: kuzaliwa kwa sungura, mjadala utakaozuka, na maisha ya Alba nyumbani kwa msanii, pamoja na mkewe na binti yake. Sehemu ya tatu haikutimia. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, iliyokuwa na sungura huyo, ilikataa kumtoa. Mwanasayansi wa taasisi hiyo, Louis-Marie Houdebine, alieleza baadaye kwamba sungura wa namna hiyo walikuwapo tayari kwa shughuli za utafiti. Na picha iliyosambaa, inayomwonyesha Alba akiwa kijani mwili mzima, ilitiliwa shaka na wataalamu. Kac alibandika mabango katika mitaa ya Paris kudai sungura aachiwe. Alba hakufika Chicago.

Katika mazungumzo ya mitaani Tanzania, neno usanii limepata maana ya pili, nayo ni ghiliba. Wako ambao wangemhukumu Kac kwa maana hiyo, na kesi ingekwisha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kosa, kama lipo, limekaa mahali pengine. Msanii alimpa kiumbe jina, akampa familia na akamwahidi mapenzi mbele ya watu, ilhali ufunguo wa banda ulikuwa mkononi mwa mwingine. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Alba alizaliwa kwa shangwe katika magazeti ya dunia. Malezi yake yalibaki kuwa madai ya bangoni.

Mwaka huohuo wa 2000, katika makumbusho ya Trapholt mjini Kolding, Denmark, Marco Evaristti, msanii aliyezaliwa Chile, alipanga juu ya meza blenda kumi zilizojaa maji. Ndani ya blenda waliwekwa samaki wadogo wa mapambo, wa rangi ya dhahabu. Nyaya ziliunganishwa na umeme, na kitufe kilikuwa wazi kwa yeyote. Hapakuwa na amri ya kubonyeza wala ya kutobonyeza. Baadhi ya wageni walibonyeza, na samaki wakasagwa. Mkurugenzi wa makumbusho alishtakiwa kwa ukatili dhidi ya wanyama; mwaka 2003 mahakama ilimwachia huru, kwa hoja kwamba samaki walikufa papo hapo bila mateso ya muda mrefu.

Hili nalo ni jaribio, ila aliyetiwa katika chupa ni mgeni wa makumbusho. Evaristti alitaka ijulikane nani atabonyeza, nani atasimama akisubiri mwingine abonyeze, na nani atakasirika. Ni kweli iliyo chungu na yenye faida: ukatili hauhitaji chuki, wahitaji kitufe tu na ruhusa. Lakini kweli hiyo ilinunuliwa kwa nini? Kwa uhai wa samaki, na aliyelipa si yule aliyeipata elimu. Zaidi ya hayo, msanii aliweka mtego kisha akakaa pembeni ya lawama. Akiulizwa, aweza kujibu kwamba hakuua yeye. Yule bwana wa pampu katika picha ya Wright hawezi kusema hivyo; mkono wake unaonekana.

Hapa patatokea pingamizi, nalo lina uzito. Katika visiwa na pwani zote za dunia samaki huvuliwa kila alfajiri, na hakuna anayefungua kesi. Panya wa maabara hufa kwa maelfu ili dawa ipatikane. Inakuwaje dunia imlilie samaki mmoja wa blenda na isiulilie mtumbwi mzima wa dagaa? Je, huo si unafiki wa watu walioshiba?

Jibu haliwezi kuwa kwamba uhai wa samaki wa mapambo ni wa thamani kuliko wa dagaa. Jibu liko katika adabu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao kuchinja na kuvua ni sehemu ya maisha yao, hawakuliacha tendo hilo bila sharti. Mchinjaji hufunzwa akinoe kisu chake barabara, na asikinoe mbele ya mnyama anayengoja. Mnyama yule ataliwa, hilo halibadiliki. Ila anayechukua uhai anatakiwa ajue kwamba anachukua, achukue kwa haja, na asiufanye mchezo. Maabara nayo, kwa lugha yake kavu, ina sharti linalofanana na hilo: kamati ya maadili huuliza jaribio lina haja gani, na kama haja hiyo yaweza kupatikana kwa njia nyingine. Msanii anapoingia maabarani hawezi kuchukua vyombo vyake na kuliacha sharti mlangoni. Na kwa kuwa yeye hana dawa ya kuwapa wagonjwa, hoja yake yabidi iwe nzito zaidi. Atoe nini badala ya uhai anaoutumia?

Kisa cha tatu kinakaribia kulijibu swali hilo. Oron Catts na Ionat Zurr walianza mwaka 1996, huko Perth, Australia, mradi wa kutumia ukuzaji wa tishu kama sanaa. Na kituo cha SymbioticA, ambacho Catts alikuwa mmoja wa waasisi wake, kilianzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi ili wasanii wafanye kazi ndani ya maabara. Mwaka huo walionyesha mjini Linz, Austria, wanasesere wadogo waliooteshwa kwa seli hai juu ya kiunzi kinachoyeyuka. Wageni waliweza kuwanong'oneza wanasesere hao wasiwasi wao. Catts na Zurr wanaviita vitu hivi nusu-hai: si mnyama, kwa kuwa havina mwili wao kamili, si kitu, kwa kuwa vinakula na vinakua.

Mwaka 2004 walikuza koti dogo lisilo na mshono, lenye urefu wa sentimeta chache tu, kwa seli za panya na za binadamu. Waliliita ngozi isiyo na mhanga. Jina hilo ni kejeli, nao hawakuficha kwamba ni kejeli. Seli hunyweshwa lishe ambayo ndani yake mna serumu itokanayo na damu ya ndama waliokuwa bado tumboni. Koti lisilomchuna mnyama mbele ya mtazamaji linamchuna mwingine asiyeonekana. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Nantes, Ufaransa, walikuza vipande vya nyama kutokana na seli za misuli ya chura, na siku ya kufunga maonyesho vikaliwa mezani. Baadhi ya walaji walivitema. Vyura hai waliokuwapo katika maonyesho hayo walipelekwa wakaachiwa katika bwawa la bustani.

Watu hawa walilipa nini? Walilipa kwa kuwahi. Mwezi Agosti 2013, mjini London, Mark Post alionyesha mkate wa nyama ya ng'ombe iliyokuzwa maabarani. Mwaka 2020 Singapore iliruhusu nyama ya kuku ya aina hiyo iuzwe. Mfanyabiashara alipofika na ahadi ya nyama isiyo na damu, swali la ndama lilikwisha ulizwa zamani, katika chumba cha maonyesho, na watu wasiokuwa na bidhaa ya kuuza. Maabara ikiachiwa wataalamu na wafanyabiashara peke yao, umma utaonyeshwa matunda na kufichwa mizizi. Msanii anayeonyesha mzizi ametoa kitu cha haki.

La pili walilolipa ni gumu zaidi. Maonyesho yanapokwisha, sanamu nusu-hai haziwezi kuachwa, kwa sababu bila joto na lishe zitakufa zenyewe, na hakuna awezaye kwenda nazo nyumbani. Catts na Zurr waliweka ada ya mwisho: chombo kinafunguliwa, na wageni wanaalikwa waziguse sanamu kwa mikono mitupu. Vijidudu vya hewani na vya vidoleni hutosha kuziua. Hapo hakuna kitufe wala waya wa kujificha nyuma yake. Aliyekuja kutazama anaua kwa ncha ya kidole chake, taratibu, kwa upole uleule ambao mtu angempapasia mtoto.

Mwaka 2008 koti hilo lilionyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Seli zilikua kuliko ilivyokusudiwa, mkono mmoja wa koti ukaanza kubanduka, na msimamizi wa maonyesho, Paola Antonelli, akalazimika kuamuru lishe isimamishwe. Alikiri kwamba uamuzi ule ulimtaabisha, ingawa alijua kwamba koti halikuwa na ubongo wala maumivu. Taabu hiyo haikumwongezea koti uhai, wala haikuhitaji hivyo. Ilimhusu Antonelli: jaribio lilikuwa limegeuka majaribu, na yeye hakukwepa.

Kipimo, basi, hakiwezi kuwa upya wa kazi, wala kelele zilizoizunguka, wala hati ya mahakama. Kipimo ni mambo mawili. Je, msanii ameionyesha gharama, au ameificha? Na je, amebaki na alichokileta mpaka mwisho wake, au amekiacha kwa wengine? Kac alitaka kubaki akashindwa. Evaristti aliionyesha gharama, ila akaiacha mezani ilipwe na mpita njia na samaki. Catts na Zurr hawakutoka mikono safi, kwani ndama hawakuwa wa kubuni. Lakini mikono yao waliionyesha, na wakamtaka mtazamaji aitazame na yake.

Katika picha ya Wright, upande wa dirisha, amesimama kijana aliyeshika kamba ya kizimba kitupu. Haijulikani kama anakishusha ili ndege arudishwe, au anakipandisha kwa kuwa hakihitajiki tena. Mchoraji hakusema. Bwana wa pampu bado anatazama nje ya picha, na mkono wake uko palepale juu ya kilango.