Jiwe na Sanduku la Kioo

Nilipokuwa mdogo, kelele moja tu ilitosha kututoa wote nje: "Nyoka!" Siku ile jiwe la kwanza lilikuwa langu. Mzee mmoja wa pale mtaani alifika, akamgeuza kwa fimbo, akasema, "Huyu hana sumu, wanangu." Tulikuwa tumeshamaliza kazi. Nilicheka na wenzangu, lakini usiku sikupata usingizi.

Nimemkumbuka niliposoma habari za nyoka ambaye Wamarekani wamembatiza jina la pua ya nguruwe. Kwao ni nyika za Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Mexico. Ni mfupi, mnene, na pua yake imepinduka juu kama koleo, ya kuchimbia mchanga. Ukimtisha anatanua shingo kama swila, anafoka, anajirusha huku mdomo kaufumba. Ukizidi kumsumbua anajipindua chali, ulimi nje, ananuka kama mzoga. Eti kafa! Mlaze kifudifudi, anajigeuza chali tena, kama anayebisha: mimi maiti bwana, niache!

Siku hizi, huko Marekani na Ulaya, watu wanamfuga ndani ya masanduku ya kioo. Porini ana rangi ya udongo na mabaka ya kahawia. Wafugaji wamechagua na kuzalisha wengine weupe wenye macho mekundu, wengine wa rangi ya chungwa, wengine zambarau iliyofifia. Wahenga walisema chema chajiuza. Huyu hakujiuza; kauzwa.

Je, ni dhambi? Nisiwe mnafiki. Mfugaji anampa joto, maji na panya wa kula. Mimi nilimpa mwenzake jiwe. Nina ubavu gani wa kumsuta mtu? Tena nyoka aliyezaliwa ndani ya sanduku hakuibiwa porini.

Lakini kuna jambo linanikera. Yule mweupe hawezi kujificha nyikani. Kipanga atamwona upesi. Uzuri aliopewa ndio kufuli lake. Na nyoka aliyezoea kushikwashikwa mara nyingi huacha kujifanya maiti. Mwenyewe hufurahi: "Ananiamini!" Hivi ni imani kweli, au amechoka kubisha?

Kwa maoni yangu, kosa haliko kwenye kioo. Liko kwenye sababu. Anayemfuga nyoka ajiulize: huyu angekuwa na rangi ya udongo tu, ningemlisha na kumtunza vilevile miaka yote ya maisha yake? Akijibu ndiyo, amempenda kiumbe. Akisita, basi amependa rangi, na mnyama ni fremu tu ya picha.

Nawe msomaji mpenzi, usimcheke mfugaji wa mbali. Tujiulize sisi pia tunamhurumia nani, na kwa sababu gani. Yule niliyempiga mimi alikuwa na rangi ya udongo.